DARAJA KATIKA PICHA, TRENI JUU YA MEZA

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alinipa uhuru wa kuchagua mada, ila aliongeza sharti moja: nisizungumze habari za ofisi. Nimelitii sharti hilo kwa furaha. Mambo ya mafaili mnayajua, na asiyeyajua atayajua siku atakapoanza kufuatilia mafao yake. Leo nitasema juu ya kazi ninayoifanya Jumamosi jioni na siku za likizo, yaani kupiga picha madaraja ya reli na treni za mizigo, ili niweze kuzitengeneza upya nyumbani kwa udogo, juu ya meza.

Najua wapo wanaocheka. Mtu mzima, baba wa watoto, achezee treni? Sina ugomvi na wanaocheka, kwani kicheko hakijapata kuvunja daraja. Lakini nawaomba mnisikilize katika mambo matatu. La kwanza ni kazi yenyewe, jinsi inavyofanywa. La pili ni kwa nini kupiga picha daraja la reli hakuna budi kuombewa kibali. La tatu ni faida inayopatikana, ambayo kwa maoni yangu imezidi mchezo.

TRENI NDOGO NI HESABU KWANZA

Mtu anayeanza kazi hii hudhani kwamba jambo gumu ni gundi na rangi. Jambo gumu ni skeli. Hapa nchini tuna reli za upana wa namna tatu. Reli ya Kati na ile ya Tanga, zilizoanza kujengwa wakati wa Wajerumani, zina upana wa milimeta 1,000 kati ya chuma na chuma. Reli ya TAZARA ina milimeta 1,067, kwa sababu ilibidi iungane na reli za Zambia pale Kapiri Mposhi. Reli mpya ya umeme, ambayo mwaka 2024 ilianza kupeleka abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ina milimeta 1,435.

Sasa, viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia vinavyouza treni za mfano hutengeneza zaidi njia ya upana wa milimeta 16.5. Njia hiyo imekusudiwa reli za milimeta 1,435, kwa skeli ya 1 kwa 87. Ukichukua njia hiyo ukaweka juu yake behewa la TAZARA la skeli ya 1 kwa 87, umekosea: treni itaonekana imetanua miguu kama ng'ombe anayezaa. Basi fanya hesabu. Gawanya 1,067 kwa 16.5, utapata karibu 65. Kwa hiyo ukitengeneza kila kitu kwa skeli ya 1 kwa 64, njia ile ile ya dukani itafaa reli yetu bila tofauti ya kuonekana kwa macho. Ujanja huu wameutumia wapenzi wa treni za mfano wa Afrika ya Kusini, New Zealand na Queensland huko Australia, ambao reli zao zina upana huo huo wa 1,067. Mimi nimeufuata.

Baada ya skeli kuna suala la nafasi. TAZARA ina urefu wa kilometa 1,860, ambazo 975 ziko Tanzania na 885 ziko Zambia. Kwa skeli yangu, njia nzima ingekuwa na urefu wa kilometa 29. Sebule yangu ina meta tano. Kwa hiyo mtengenezaji hulazimika kuchagua. Huchukua stesheni moja, daraja moja, na mlima mmoja, akaviunganisha kwa namna ambayo mtu aliyepita kule kwa treni atasema, "Naam, hapa napajua." Uchaguzi huo ndio sanaa yenyewe, na hauwezi kufanywa na mtu ambaye hajatazama kwa makini. Ndipo kamera inapoingia.

JINSI YA KUPIGA PICHA YA KUPIMIA

Picha ya kumbukumbu ya harusi na picha ya kupimia ni vitu viwili mbalimbali. Picha ya kupimia haitafuti uzuri. Inatafuta ukweli wa urefu, upana na kimo.

Kwanza, simama mraba na kitu unachokipiga. Kama ni behewa, simama katikati ya urefu wake, kamera ikiwa kwenye kimo cha nusu ya behewa, wala usiinamishe wala usiinue. Ukiinua kamera kutazama juu, nguzo za daraja zitaonekana zimeegemeana huko juu kama walevi. Pili, simama mbali uvute kwa lenzi, usisimame karibu. Simu za mkononi, ambazo kila mtu anazo siku hizi, zina lenzi pana. Zikisogezwa karibu huvimbisha sehemu ya kati na kusinyaza ncha. Afadhali urudi nyuma hatua thelathini, kisha uikate picha baadaye.

Tatu, weka kipimo ndani ya picha. Mimi nina fito ya meta mbili, niliyoipaka rangi nyekundu na nyeupe kwa zamu, kila pingili sentimeta 25, kama fito za wapima ardhi. Fito hiyo ikisimamishwa kwenye mguu wa nguzo ya daraja, kazi iliyobaki ni ya Kidato cha Kwanza. Tuseme katika picha fito ni sentimeta 1, na nguzo ni sentimeta 7.5. Fito ni meta mbili. Basi nguzo ni meta 15. Ila fito na nguzo lazima viwe umbali mmoja kutoka kwenye kamera. Fito ikisogea mbele, itaonekana ndefu, na daraja lako litakuwa fupi kuliko la kweli.

Na kama huna fito? Reli yenyewe ni rula, maana upana wake unaujua. Kontena ni rula nzuri zaidi. Kontena la futi 20 lina urefu wa meta 6.06, upana wa meta 2.44, na kimo cha kawaida cha meta 2.59, liwe Dar es Salaam, Mombasa au Shanghai. Behewa likipita limebeba kontena, limejipima lenyewe. Kwa skeli yangu kontena hilo ni sentimeta 9 na nusu, na nimelitengeneza kwa boksi la viatu.

Nne, jua. Katika nchi yetu jua la saa sita mchana linaangaza paa la behewa na kuacha magurudumu gizani, na magurudumu, springi na breki ndivyo vitu vigumu kutengeneza. Kwa hiyo piga saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, jua likiwa nyuma yako. Siku ya mawingu mepesi ni bora zaidi kwa mabehewa, kwa kuwa hakuna kivuli kikali. Kwa madaraja kumbuka pia majira. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko kaskazini yetu, na mwezi Desemba liko kusini. Daraja linaloelekea mashariki na magharibi litakupa sura moja Juni na sura nyingine Desemba. Anayetaka pande zote mbili anahitaji likizo mbili.

Tano, usipige upande mmoja tu. Behewa lina pande nne, tena ncha zake mbili hazilingani, maana mara nyingi gurudumu la breki ya mkono liko ncha moja tu. Piga namba na maandishi yaliyochorwa ubavuni, yanayoeleza uzito wa behewa likiwa tupu na mzigo linaoruhusiwa kubeba. Piga uchafu wake pia. Behewa la saruji lina vumbi jeupe kwenye midomo ya kumiminia. Tangi la mafuta lina michirizi myeusi kutoka kwenye kifuniko. Treni ya mfano iliyo safi kabisa inaonekana kama iliyotoka dukani, na reli zetu hazijapata kubeba treni ya namna hiyo.

Nitatoa mfano mmoja wa namna picha inavyomsahihisha mtu. Nimeona mifano iliyotengenezwa ng'ambo ya mabehewa ya shaba, yamejazwa mabamba mekundu mpaka juu. Mtengenezaji hakuwahi kuona shehena ya shaba. Shaba ni nzito karibu mara tisa kuliko maji. Tani 40 za shaba hazifiki meta za ujazo tano. Kwa hiyo behewa linalotoka Zambia na shaba linafikia ukomo wa uzito wake likiwa bado linaonekana nusu tupu: mafurushi ya mabamba yamelala chini sakafuni, na juu yake hewa tupu. Asiyetazama picha angedhani wapakiaji walikuwa wavivu.

Na sita, ambalo ningepaswa kulisema kwanza: usalama wako. Usisimame juu ya reli kwa ajili ya picha, wala usivuke daraja la reli kwa miguu. Treni ya mizigo haisimami kama basi. Dereva akikuona amekwisha chelewa. Juu ya daraja hakuna pa kukimbilia. Picha zangu zote nimezipiga nikiwa pembeni au chini bondeni, na hakuna hata moja iliyopungua thamani kwa sababu hiyo.

KWA NINI DARAJA LINA MLINZI

Sasa nafika kwenye jambo la pili. Vijana wengi huona kwamba kuombwa kibali ili upige picha daraja ni usumbufu wa maofisa. Wanasema satelaiti zinaona kila kitu, basi kamera ya kijana mmoja itadhuru nini? Mimi ni mtumishi wa serikali, na mtadhani natetea wenzangu. Nitaacha historia izungumze.

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yanarudi nyuma yalibomoa madaraja ya reli hiyo hiyo waliyoijenga kwa jasho la babu zetu, ili Waingereza wasiitumie. Kwa hiyo reli yetu ilikuwa haijatimiza miaka mitatu tangu ikamilike, na tayari madaraja yake yalikuwa silaha.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, na ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, kwa mkopo wa China usio na riba. Sababu yake kubwa ilikuwa kwamba walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru wao Novemba 1965, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikawa imefungiwa mlango wa kusini. Reli hii ilikuwa mlango mpya. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia waliingia Zambia wakalipua madaraja ya mto Chambeshi, la barabara na la reli. Hawakulichagua daraja lile kwa kubahatisha. Mtu anayekwenda kulipua daraja anahitaji kujua nguzo ziko ngapi, zina unene gani, na boriti zimelala wapi. Yaani anahitaji hasa vile vitu ninavyovihitaji mimi ili nitengeneze daraja la kadibodi.

Hebu yatafakarini hayo. Picha nzuri ya fundi wa treni za mfano na picha nzuri ya adui ni picha moja. Tofauti iko kwa aliyeishika, na mlinzi hawezi kusoma moyo. Kwa hiyo anasoma karatasi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ina masharti juu ya mahali panapolindwa, na asiyejua kama daraja fulani limo au halimo, dawa yake ni kuuliza kabla ya kutoa kamera. Mimi huandika barua kwa shirika linalohusika, naeleza tarehe, mahali, madhumuni, na nitakachofanya na picha. Mara nyingine nakubaliwa, mara nyingine nakataliwa, mara nyingine nasubiri mpaka likizo inakwisha. Mpiga picha O. Winston Link wa Marekani, ambaye kati ya mwaka 1955 na 1960 alipiga picha maarufu za treni za mvuke za Norfolk and Western usiku, alianza kwa barua ya namna hiyo hiyo kwa kampuni ya reli. Walimfungulia milango. Miaka ile ile mitano ilikuwa ndiyo ya mwisho ya treni za mvuke katika reli ile. Angechelewa kidogo, asingekuta kitu.

MLINZI NA FITO

Niruhusuni niwaeleze safari moja. Masharti ya kibali hayaniruhusu kulitaja daraja lenyewe. Inatosha kusema kwamba ni la chuma juu ya nguzo za mawe, na mto wake hukauka kiangazi.

Nilipofika, mlinzi, mzee wa makamo, alisoma kibali changu mara mbili, akasoma kitambulisho, kisha akanitazama tangu kichwani mpaka viatuni. Akasema, "Ndugu, karatasi hii ni nzuri, lakini mimi sijaambiwa." Akaenda kumpigia simu mkuu wa stesheni. Tulikaa saa mbili nzima chini ya mwembe, na jua langu zuri la asubuhi likapanda likaenda zake. Sikunung'unika. Angeniruhusu upesi, ningemwona mlinzi mbaya.

Jibu lilipokuja, aliuliza fito ile ya rangi ni ya nini. Nikamweleza. Akaichukua mkononi mwangu, akashuka nayo mtoni mwenyewe, akaisimamisha kwenye kila nguzo kama askari wa gwaride. Kwenye nguzo ya pili aliita, "Mzee, njoo utazame hapa." Akanionyesha alama ya kahawia juu sana kwenye mawe. "Maji ya El Nino yalifika hapa. Fito yako hii ingezama mara mbili." Tulipima: meta nne na sentimeta 60. Akaniambia amelilinda daraja lile miaka kumi na tisa, na hana picha yake hata moja. Alisema "daraja langu", kama mtu asemavyo shamba langu.

Nilimpelekea picha moja kubwa, kwa idhini ya wakubwa wake. Miaka mitatu baadaye nilipata kibali cha pili nikarudi. Mzee alikuwa amekwisha staafu. Kibandani nilimkuta kijana, na ukutani ile picha, na juu ya nguzo ya pili mstari wa kalamu na maneno ya mkono wa yule mzee: "Maji 1998." Kijana yule alikuwa mtoto mchanga maji yale yalipopita, lakini aliweza kunionyesha yalipofika.

Siku hiyo nilipiga tena picha zile zile, mahali pale pale, fito ikiwa pale pale. Nyumbani nilizilinganisha. Chini ya nguzo ya pili, katika picha mpya, msingi ulikuwa umetokeza zaidi ya pingili moja na nusu. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitatu mto ulikuwa umekula mchanga wa sentimeta 40 hivi. Niliwapelekea wahandisi wa reli nakala za picha zote mbili, nao wakanijibu kwa barua fupi ya shukrani. Baadaye nikasikia kwamba mawe yamepangwa kuzunguka msingi. Sidai kwamba yalipangwa kwa ajili yangu. Mafundi wa reli wana macho yao, na pengine walikwisha ona kabla yangu. Ninachosema ni kwamba picha mbili za mchezo, zikiwa na fito na tarehe, ziliweza kusema jambo ambalo jicho la mpita njia haliwezi kulisema.

Na jambo hilo si dogo. Mnaosoma jiografia mnajua mto Mkondoa na reli kati ya Kilosa na Gulwe. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yalikata reli pale, na Reli ya Kati ikasimama kwa miezi. Reli ikikatika, gunia la unga Kigoma halijui kwamba mto ulikuwa mbali. Bei yake inapanda tu.

FAIDA ILIYOZIDI MCHEZO

Nimekwisha ingia katika jambo la tatu. Nitaongeza mawili.

La kwanza ni kumbukumbu. Reli zetu zinabadilika upesi. Vichwa vya dizeli vilivyotengenezwa Qingdao, ambavyo TAZARA ilianza navyo, vilipokewa kazi katika miaka ya 1980 na vichwa vya U30C vya General Electric. TAZARA ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 za mizigo kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja. Septemba 2024 huko Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi hati ya makubaliano ya kuifufua. Mimi naiombea ifufuke. Lakini kila ufufuo una karakana zake, na karakana ina tanuri. Mabehewa ya zamani hukatwa vyuma, stesheni hupakwa rangi nyingine, ishara za mkono hung'olewa. Ni haki vitu hivyo viondoke wakati wake ukifika. Lakini viondoke vikiwa vimekwisha pimwa na kupigwa picha.

Nchi nyingine zimelifanya hili kuwa kazi ya serikali. Marekani ilianzisha mwaka 1969 mpango wa kuandika kumbukumbu za kazi za uhandisi, ambapo madaraja na viwanda vya zamani hupimwa, huchorwa na kupigwa picha, na nakala huwekwa katika Maktaba ya Bunge lao. Jirani zetu wa Kenya wana Makumbusho ya Reli pale Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Humo mna vichwa viwili vya mvuke vya aina ya 59, vile vikubwa vya tani 252 vilivyokuwa vikivuta mizigo kutoka Mombasa. Vilijengwa 34 huko Uingereza kati ya mwaka 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Viwili hivyo vya Nairobi vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko karibu na Ziwa Natron, na Shengena iko Upare. Basi milima miwili ya Tanzania imesimama Nairobi kwa magurudumu, na mwanafunzi wa Tanzania anayepita mji ule anaweza kwenda kuipima.

La pili ni elimu. Mwaka 1946 wanafunzi wa chuo cha MIT huko Marekani walianzisha klabu ya treni za mfano. Wanachama wake waligawanyika. Wengine walipenda milima na vijumba vya juu ya meza. Wengine walipenda kukaa chini ya meza, wakiunganisha nyaya na swichi za simu ili treni nyingi ziendeshwe bila kugongana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya hao wa chini ya meza walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kuandika programu za kompyuta kwa kupenda tu, na kutoka kundi hilo ukatokea mwaka 1962 mchezo uitwao Spacewar, mmoja wa michezo ya mwanzo kabisa ya kompyuta. Walianza na treni, wakafika kwingine. Mtoto anayejifunza kwamba treni mbili haziwezi kupita njia moja kwa wakati mmoja, na akalazimika kutafuta swichi ya kuzuia, amekwisha anza uhandisi.

Wala msiniambie kwamba vifaa ni ghali. Njia na mota, ndiyo, vinanunuliwa. Vingine vyote viko hapa. Nguzo za daraja langu nimezitengeneza kwa kadibodi na mbao za kasha. Boriti ni karatasi ya manila iliyokunjwa. Vyuma vyembamba ni vijiti vya mishikaki. Kokoto ni mchanga uliochekechwa, udongo ni majani ya chai yaliyokaushwa baada ya kunywewa, na majani mabichi ni unga wa mbao uliotiwa rangi. Sisi ni watu ambao watoto wao hutengeneza magari ya waya yenye usukani unaokata kona. Hatuna haja ya kufundishwa kutengeneza. Haja yetu ni kupima kabla ya kutengeneza.

Ninao mpango mmoja mkubwa ambao sijaumaliza. Kati ya Mlimba na Makambako, ambako TAZARA inapanda milima na ambako ujenzi ulikuwa mgumu kuliko mahali pengine pote, kuna daraja la mto Mpanga. Nguzo zake zinakaribia kimo cha meta 50. Kwa skeli yangu hizo ni sentimeta 78, sawa na meza ya kulia chakula. Kwa hiyo daraja litaanzia sakafuni na treni itapita kwenye kimo cha sahani. Mwenye nyumba, yaani mama watoto, amekubali kwa sharti kwamba meza yenyewe ibaki.

OMBI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, nimeambiwa kila anayesimama hapa huacha ahadi au ombi. Nina vyote viwili.

Ahadi yangu ni hii. Mkuu wa Shule akiridhia kutenga meza moja katika chumba cha fizikia, nitaleta meta nne za njia, kichwa kimoja cha treni na kifaa cha kuiendeshea. Sharti ni moja: daraja la kwanza litakalowekwa juu ya meza hiyo liwe limepimwa na kuchorwa na wanafunzi wenyewe. Wasiende relini. Waanze na kivuko cha miguu kilichoko chini ya shamba la shule, ambacho hakina mlinzi ila vyura. Wapige picha na fito, wafanye hesabu, wachore, kisha ndipo washike mkasi. Michoro ihifadhiwe maktaba, na kila mwaka kidato kingine kipime tena mahali pale pale. Baada ya miaka kumi shule hii itajua kijito chake kimekula ukingo kiasi gani, jambo ambalo leo hakuna hata mmoja wetu humu ndani anayelijua.

Ombi langu ni kwenu ninyi wa rika langu na wakubwa zangu, hasa mliofanya kazi reli, bandarini au ujenzi, au ambao wazazi wenu walifanya. Makabatini mwenu mna picha. Nyingine zinaonyesha harusi, lakini nyuma ya bwana harusi pameonekana stesheni. Nyingine zinaonyesha kundi la vibarua mbele ya handaki. Zitoeni, mwandike nyuma kwa penseli: ni wapi, ni mwaka gani, mpiga picha alisimama upande gani, na nani ni nani. Mkimaliza, mleteeni Katibu nakala. Picha isiyo na maandishi hufa pamoja na mtu wa mwisho anayeijua, na miongoni mwetu baadhi ya picha zimebakiwa na mtu mmoja tu.

Fanyeni hivyo mwaka huu. Karibuni nyumbani kutazama daraja la Mpanga. Treni hupita Jumamosi kuanzia saa kumi na moja jioni, na haijapata kuchelewa.